Sinema Kali, Lakini Priscilla Yuko Wapi?
Jamani, wikendi nimeirudia The Social Network ya mwaka 2010, ile iliyobeba Oscar 3. Maneno makali, muziki mtamu, Jesse Eisenberg kaigiza hasa. Ila kusema kweli, haikunigusa. Inaanza na Mark Zuckerberg akipigwa kibuti na msichana, inakwisha jamaa kakaa peke yake na kompyuta, bado anamwaza. Inanoga, lakini sivyo ilivyokuwa: Priscilla Chan alikutana naye Harvard mwaka 2003, kabla Facebook haijazaliwa, wakaoana 2012. Kwenye sinema hayumo kabisa! Nyie wapendanao, itazameni kwa raha zenu, ila mapenzi msijifunzie humo. Aliyekuwa nawe kabla hujawa na jina ndiye wa kutajwa kwanza.