Kipaji Hakimwondolei Mchezaji Wajibu wa Nidhamu

Desemba 2023, Klabu ya Simba ilitangaza kuwasimamisha wachezaji wawili, akiwemo kiungo kutoka Zambia, Clatous Chama, kwa tuhuma za utovu wa nidhamu. Chama alikuwa miongoni mwa nyota wakubwa wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Hata hivyo, kipaji chake hakikumkinga. Baadaye alirejea uwanjani.

Uamuzi huo una funzo kwa makocha wa vijana katika maeneo kama Vingunguti, jijini Dar es Salaam. Adhabu ya klabu kubwa humkuta mchezaji akiwa mtu mzima, ilhali samaki hukunjwa angali mbichi: katika viwanja vya mtaani na mashindano ya shule ya UMITASHUMTA na UMISSETA. Kocha anayemvumilia mfungaji hodari aliyechelewa mazoezini, huku akimweka benchi mwenzake kwa kosa hilo hilo, huwafundisha wote kuwa kanuni ni kwa ajili ya wanyonge.

Uwajibishaji wa haki hudai mambo matatu: kanuni ifahamike mapema, mchezaji asikilizwe, na adhabu iwe na ukomo. Timu inaweza kupoteza mechi kwa kufanya hivyo, lakini hasara hiyo ni ndogo kuliko kumpoteza kijana mwenyewe.