Kabla ya kushangilia mbegu chotara, uliza wazazi wake wako wapi

Ukienda Kibuye kutafuta nafaka ya uji, wimbi na mtama unavijua. Mawele je? Hayo hulimwa zaidi Kitui, Tharaka na Mbeere, kule mvua ni ya kubahatisha na mahindi hukauka yakiwa machanga.

Usiseme hayo ni ya wakulima, sisi watu wa Manyatta yatuhusu nini. Mahindi yakikauka, bei ya unga inapanda na mfuko unaotoboka ni wako. Nafaka inayovumilia ukame ni shida yetu pia.

Mahindi yalipata bahati mapema. Kitale ilitoa chotara H611 mwaka 1964. Kwa mawele, watafiti wa Katumani wametupa mbegu kama KAT/PM1, ambazo mkulima anaweza kuweka na kupanda tena. Ni nzuri, ila chotara huzaa zaidi. Basi tuzalishe chotara, si ndio? Ndio, lakini tuanze na wazazi.

Ua la mwele ni dogo mno. Huwezi kumhasi mama kwa mkono kama unavyong'oa mbelewele za mahindi. Lazima utafute mama asiyetoa chavua kabisa, umpande kando ya baba, kisha uvune mbegu kwa mama. Kumpata mama huyo ni kazi ya miaka.

India waliazima. Mama aitwaye Tift 23A alitoka Tifton, jimbo la Georgia, Marekani, na mwaka 1965 wakatoa chotara HB 1. Mavuno yakapanda. Lakini chotara zilizofuata nyingi zilikuwa na mama huyo huyo, na miaka ya sabini ilipoanza, ugonjwa wa ukungu ukafagia mashamba. Mama akiugua, watoto wote wanaugua. Walijifunza: chotara HHB 67 ilipotishiwa na ukungu, waliwaboresha wazazi wake, na mwaka 2005 ikarudi ikiwa na kinga.

Kuna atakayesema ni nafuu kununua chotara tayari kutoka nje. Leo, labda. Lakini chotara ukiipanda tena, nguvu hupungua, kwa hivyo mkulima hurudi dukani kila msimu. Mwenye wazazi ndiye mwenye bei. Na wazazi waliozaliwa kwingine hawajapimwa na magonjwa ya hapa.

Msimamo wangu ni huu: KALRO ipewe pesa za kuzalisha wazazi wa mawele hapa nchini, wengi na tofauti, na wabaki mali ya umma.

2027 mbunge akija Kondele kuomba kura, atakuambia habari ya bei ya unga. Usimwachie hapo. Muulize alipigia kura shilingi ngapi za utafiti wa mbegu. Akikuna kichwa, basi umeshapata jibu.