Mitambo ya utambulisho isiwatenge wenye alama hafifu

WAHENGA walinena kwamba vidole vya mkono havilingani. Wahandisi wanaounda mifumo ya kuhudumia mamilioni ya watu husahau hekima hiyo mara nyingi.

Jeshi la Angani la Marekani liliitambua mapema miaka ya 1950. Baada ya marubani 4,063 kupimwa ili vyumba vya kuendeshea ndege viundwe upya, mtafiti Gilbert Daniels aligundua kuwa hakuna hata mmoja aliyekuwa wa wastani katika vipimo vyote 10 vya mwili alivyozingatia. Chumba kilichokusudiwa kumfaa kila rubani hakikumfaa yeyote kikamilifu. Suluhisho likawa viti vinavyoweza kurekebishwa.

Kenya nayo ina funzo hapo. Utambulisho wa kidijitali hutegemea alama za vidole, ilhali za wakongwe na wafanyao kazi za sulubu, kama vile kuvunja kokoto, huweza kufifia hadi mitambo ishindwe kuzisoma.

Mnamo Januari 2020, Mahakama Kuu, katika kesi ya Huduma Namba, ilikiri kwamba wasio na stakabadhi au wenye alama hafifu wangeweza kutengwa. Serikali ilianzisha Maisha Namba mwaka wa 2023, lakini vidole vya mvunja kokoto ni vile vile.

Hivyo basi, njia mbadala ya kumtambua mwananchi haina budi kuundwa tangu mwanzo na kulindwa kisheria. Mtambo ukishindwa kumsoma mtu, kasoro ni ya mtambo, na haki yake ya kuhudumiwa isipotee.