Maji ya ndege kiwanjani: nayakubali, lakini mbali na pipa la nyumba

Mtu akiweka sahani ya maji kwa ajili ya ndege katika kiwanja cha Ndosho au Majengo, jirani wa kwanza kupita atamuuliza: sisi tunapanga foleni na bidoni tangu alfajiri, wewe unanywesha ndege? Swali hilo lina haki yake. Goma iko kando ya Ziwa Kivu, lakini maji ya bomba hayafiki kila mahali, na lava ya Mei 2021 iliharibu mabomba tuliyokuwa nayo. Familia nyingi zinaishi kwa bidoni za lita 20 zinazofika kwa chukudu, kwa pikipiki au mgongoni mwa mama. Familia iliyokimbia Masisi au Rutshuru, ikapokelewa na ndugu ambao nao wamebanana, haiwezi kuambiwa itoe maji safi kwa ndege. Wala siiambii.

Hata hivyo mimi naunga mkono sahani hiyo, na sababu yangu kubwa ni pipa.

Ndugu wasikilizaji, tazameni pipa au ndoo isiyo na kifuniko nyuma ya nyumba wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti. Ndege wana kiu kama sisi. Wanatua ukingoni, wanakunywa, wanaoga, wanaacha mavi yao humo, na mara nyingine ndege mdogo anateleza na kufia ndani. Ni maji hayo hayo ambayo mtoto anachota kwa kikombe. Kwa hiyo kwanza funika pipa, hata kwa ubao na jiwe juu yake. Kisha wape ndege maji yao upande mwingine wa kiwanja. Ukiweka sahani na kuacha pipa wazi, hujafanya kitu.

Kuhusu kiasi, lita mbili zinatosha. Si lazima ziwe za kunywa: maji uliyosuuzia lengalenga au sombe yanafaa. Ya mchele yanafaa pia, ila huchacha haraka, yamwagwe jioni. Maji ya sabuni hapana. Sabuni huondoa mafuta yanayozuia manyoya kulowa, na ndege aliyelowa mpaka ngozi hawezi kuruka vizuri wala kujikinga na baridi ya usiku wa hapa kwetu.

Chombo ndicho watu wanachokosea. Wanachukua beseni la plastiki la kufulia, kina chake kama mkono mzima, kuta zake laini. Ndege wadogo hawaogelei. Wanahitaji kusimama ndani ya maji. Kina cha sentimita tatu kinatosha, kisizidi tano, na ukingo uteremke polepole. Kama una beseni tu, weka mawe ndani mpaka yachomoze juu ya maji. Kopo lililobeba dawa ya shambani lisitumike kabisa, hata ukilisugua mara kumi.

Na hapa Goma tuna bahati ambayo miji mingine haina: jiwe la volkano liko kila mahali, na bei yake ni jasho la kulibeba. Uso wake unakwaruza, kucha za ndege zinashika vizuri. Tafuta lenye bonde juu. Kwa kuwa lina vitundu, maji yatapotea. Paka saruji nyembamba ndani, usiisawazishe mno. Saruji mpya ijazwe maji na kumwagwa kwa siku kadhaa kabla ndege hawajaoga humo, maana chokaa yake inachoma. Jiwe jeusi pia hushika joto sana: liweke mahali penye kivuli mchana.

Kivuli, lakini si kichakani. Paka anajificha palepale penye majani, na ndege mwenye manyoya mabichi anachelewa kuruka. Acha hatua tatu au nne kati ya maji na kichaka, na panga mawe mpaka chombo kifike kiunoni. Kimo hicho kinasaidia pia kwa upande wa kuku. Kuku wako asinywe pamoja na ndege wa porini, kwa sababu kile kifo kinachomaliza banda zima kwa siku chache kinaweza kupitia mavi na maji machafu.

Sasa malaria. Wahamasishaji wa afya wanatuambia tumwage kila maji yaliyotuama, na wana haki. Mbu anahitaji juma moja hadi mawili hivi kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo chombo kinachomwagwa kila siku au kila siku ya pili hakizai mbu. Kumwaga peke yake hakutoshi, kwa kuwa kuna mbu ambao mayai yao hushikamana na kuta za chombo: sugua kwa burashi au konzi ya majani makavu, halafu nawa mikono kwa sabuni. Burashi hiyo isirudi jikoni. Maji ya zamani mwagia mboga. Kama hakuna mtu nyumbani mwenye nafasi ya kazi hiyo, msiweke maji. Sioni njia ya katikati hapo.

Wengi wetu tunaishi watu wa familia nne, tano katika kiwanja kimoja. Uliza kwanza. Mama aliyepoteza mtoto kwa malaria akikataa, usibishane naye.

Kuna wanaosema ndege ni adui, na kwa mkulima wa Rutshuru aliyekesha akilinda mtama, ni kweli. Lakini kwenye bustani ndogo ya mjini hakuna mtama. Kuna viwavi kwenye kabichi, kuna nzi karibu na choo, na yule ndege mweusi na mweupe anayetikisa mkia, ambaye wasema Kinyarwanda wanamwita inyamanza, anakula wadudu kutwa nzima bila kuomba mshahara. Watoto waliotoka kwenye mashamba wanawajua ndege hawa kuliko watoto wa hapa. Wape wao kazi ya kubadilisha maji asubuhi; ni kazi ya dakika tano na wataifanya vizuri. Ila manati yakusanywe kabla. Kumwita ndege kwa maji halafu kumpiga jiwe akiwa ndani yake, hata wale wanaopenda nyama yake hapa mtaani wanaona aibu.

Siku bomba likikauka kabisa na bidoni ikipanda bei, geuza chombo kifudifudi. Ndege wataruka mpaka ziwani. Maji yakirudi, watakiona tena.