Muziki wa Kuazima na Jina la Mwenyewe

Kila yanapozungumzwa mambo ya utamaduni wa taifa, huzuka makundi mawili ya wasemaji. Kundi la kwanza husema kwamba muziki wa kigeni ni sumu, na kijana anayeutegea sikio amekwisha kuupa kisogo ukoo wake. Nalo hujikinga kwa methali isemayo kuwa mwacha asili ni mtumwa. Kundi la pili husema kwamba muziki hauna mwenyewe, kwamba wimbo ni kama upepo, na kila aupataye na autumie apendavyo. Nalo hujikinga kwa neno moja tu, "jadi". Makundi haya hudhani kuwa yanapingana. Sisi twaona kuwa yana kosa moja. La kwanza halitaki kujua kitu kimetoka kwa nani kwa sababu halikitaki. La pili halitaki kujua kwa sababu limekwisha kukichukua.

Tutayajibu yote mawili kwa ushahidi wa mbali, nao ni muziki wa kijadi wa milima ya Appalachia, kusini mashariki mwa Marekani, pamoja na mtoto wake aitwaye blugrasi. Tumeuchagua kwa sababu mkopeshaji anajulikana, mkopaji anajulikana, na kumbukumbu zake zimo katika maktaba. Huko Marekani maktaba nyingi za umma zilikuwa zikiazimisha sahani za santuri kama zilivyoazimisha vitabu, na mtu mwenye subira aliweza kuimaliza rafu nzima. Sisi tumeziazima albamu hizo, tumezisikiliza upande wa kwanza na wa pili, na tumesoma vijitabu vilivyomo ndani yake. Tuliyoyasikia na tuliyoyaona juu ya majalada hayakupatana.

Majalada mengi yalitwambia hivi: huu ni muziki wa wazungu maskini, wazao wa Waingereza, Waskoti na Waairishi, walioishi milimani wakahifadhi nyimbo za mababu zao. Picha nazo zilionyesha wazee wenye kofia, nyumba za magogo, na nyuso nyeupe tupu. Si uongo wote. Fidla ilitoka Ulaya, na tenzi nyingi za kale za milimani zilivuka bahari kutoka Uingereza na Uskoti. Lakini sahani ilipoanza kuzunguka, mara nyingi chombo kilichotangulia kusema kilikuwa banjo. Na banjo haikutoka Ulaya.

Banjo ni chombo cha Waafrika. Watu waliopelekwa utumwani katika visiwa vya Karibi na Amerika ya Kaskazini walichukua kibuyu, wakakiwamba ngozi, wakakitia mpini na nyuzi. Hans Sloane, tabibu aliyefika Jamaika kutoka Uingereza mwaka 1687, alichapisha picha ya vyombo vya namna hiyo mwaka 1707. Thomas Jefferson, bwana wa watumwa aliyekuja kuwa Rais wa Marekani, aliandika katika miaka ya 1780 kwamba chombo hicho watumwa walikuja nacho kutoka Afrika. Mpaka leo Wajola wa Senegali na Gambia hupiga akonting, chombo cha kibuyu na ngozi chenye nyuzi tatu, mmoja wao mfupi, ambao ni wa kidole gumba. Ukucha hupiga uzi kwa kushuka, gumba hujibu. Banjo ya milimani nayo ina uzi mfupi wa gumba, na wapigaji wengi wa kale waliipiga kwa namna hiyo hiyo. Hatusemi kwamba akonting peke yake ndiyo mama wa banjo, kwani Afrika Magharibi ina vyombo vingi vya jamaa hiyo. Twasema tu kwamba mkono ule unajulikana ulikofundishwa.

Basi ilikuwaje chombo cha mtumwa kikawa alama ya mzungu? Kwanza, kilichukuliwa kwa dhihaka. Tangu miaka ya 1830 na 1840 wazungu walijipaka masizi usoni, wakapanda jukwaani na banjo, wakawacheka watu weusi kwa chombo cha watu weusi wenyewe. Pili, wakusanyaji walichagua cha kusikia. Cecil Sharp, Mwingereza, alizunguka milimani kati ya mwaka 1916 na 1918, akaandika tuni zaidi ya 1,500. Kazi yake ni kubwa, nasi hatuibezi. Lakini alikwenda kuitafuta Uingereza ya kale, akaipata. Watu weusi waliokuwa wakipiga na kuimba katika nchi ile ile hawakumshughulisha. Tatu, na hili ndilo kubwa, biashara iliipasua rafu vipande viwili. Katika miaka ya 1920 makampuni ya santuri yalitoa orodha mbili za kuuzia, moja ya sahani za watu weusi na nyingine ya sahani za wazungu wa shamba na wa milimani. Mtu mweusi aliyekuja na fidla na banjo mara nyingi alitakiwa aimbe bluzi, kwa kuwa ndiyo iliyonunuliwa katika orodha yake. Mabepari walipasua soko kwa ajili ya faida. Baadaye wakaja wasomi, wakaviokota vipande hivyo, wakadhani kuwa tangu mwanzo vilikuwa vitu viwili.

Tazameni mifano. Mwaka 1927, katika mji wa Bristol ulioko mpakani mwa Tennessee na Virginia, Ralph Peer wa kampuni ya Victor aliirekodi kwa mara ya kwanza familia ya Carter, ambayo nyimbo zake zimekuwa shina la muziki huo. A. P. Carter alikuwa msaka nyimbo. Katika safari zake alifuatana na Lesley Riddle, mpiga gitaa mweusi: Carter akiandika maneno, Riddle akiyashika mahadhi kichwani. Hakimiliki ziliandikishwa kwa jina la Carter. Jina la Riddle halikuonekana juu ya sahani.

Bill Monroe wa Kentucky, aliyezaliwa mwaka 1911, ndiye baba wa blugrasi. Hata jina lenyewe limetokana na bendi yake, Blue Grass Boys. Alipokuwa kijana alipiga katika dansi za vijijini pamoja na Arnold Shultz, mchimba makaa mweusi aliyekuwa fundi wa gitaa na fidla. Shultz alifariki mwaka 1931 bila kuacha sahani hata moja. Monroe mwenyewe, nasi tumpe haki yake, alimtaja Shultz waziwazi kuwa ni miongoni mwa waliomfunza. Waliosahau ni wenye kupanga rafu na kuandika majalada.

Naye Elizabeth Cotten wa North Carolina alitunga wimbo uitwao "Freight Train" alipokuwa msichana mdogo. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya utumishi wa nyumbani katika familia ya Seeger, mabingwa wa kukusanya nyimbo za jadi. Mwaka 1957 wimbo wake ulivuma Uingereza ukiwa umeandikwa kwa majina ya watu wengine, na haki yake ilibidi idaiwe. Wale wasemao kuwa nyimbo za jadi hazina mwenyewe na watwambie: wimbo huu ulikuwa na mwenyewe au haukuwa naye? Mwenyewe alikuwa hai, akifanya kazi katika nyumba ya watu.

Lakini maktaba hiyo hiyo inatupa pia mfano mwema. Mwaka 1952 Harry Smith alikusanya nyimbo 84 za sahani za zamani katika albamu iliyotolewa na Folkways, kampuni iliyouza kazi zake nyingi kwa maktaba na mashule. Smith alizipanga nyimbo kwa aina zake, visa mahali pake na dansi mahali pake, bila kutaja rangi ya mwimbaji yeyote. Ila katika kijitabu chake aliandika jina la mwimbaji, mwaka na kampuni. Matokeo yake wako wasikilizaji waliodhani kuwa Mississippi John Hurt, mtu mweusi, ni mzungu wa milimani. Sikio lilipoachwa huru halikuuona ukuta uliojengwa na wafanyabiashara.

Sasa tuwageukie ndugu zetu wa kundi la kwanza, wenye kuogopa muziki wa kigeni. Mwalimu Nyerere, alipotangaza mwezi Desemba 1962 kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wengi wetu tulizijua dansi za kizungu kuliko gombesugu na lelemama. Maneno hayo hukaririwa sana. Lakini katika hotuba ile ile alisema pia kwamba taifa linalokataa kujifunza kwa mataifa mengine limepungukiwa akili, na kwamba kujifunza kwa wengine si kuacha chetu. Nusu hii haikaririwi. Na taarabu tunayojivunia, je? Udi, kanuni na fidla tuliviazima. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, sahani zake zilitoka na alama ya mbwa anayesikiliza santuri, alama ile ile iliyotumiwa na kampuni ya Victor iliyowarekodi akina Carter mwaka mmoja kabla. Siti aliimba Kiswahili kwa vyombo vya kuazima, wala hakuna mwenye akili awezaye kusema kwamba aliacha asili.

Ama ile methali ya mwacha asili, haina budi isomwe upya mbele ya banjo. Waliotengeneza chombo kile walikuwa watumwa kweli kweli, waliofungwa minyororo na kuuzwa mnadani, nao hawakuacha asili. Walioisahau asili ni watu huru waliokipokea mikononi.

Ziko hadithi mbili zinazoweza kuwekwa sambamba. Mwaka 1930 Jimmie Rodgers, mwimbaji mzungu wa Mississippi aliyepata kuwa mfanyakazi wa reli, alirekodi wimbo pamoja na Louis Armstrong, bingwa mweusi wa tarumbeta. Sahani ilipotoka, jina la Armstrong halikuandikwa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1950, Hugh Tracey alikuwa akirekodi nyimbo katika nchi ya Wakipsigisi, Kenya. Sahani za Rodgers zilikuwa zimekwisha kufika huko, na Wakipsigisi walikuwa na nyimbo zao wenyewe, kwa lugha yao na kinubi chao, zilizomtaja "Chemirocha": ndivyo jina la Jimmie Rodgers lilivyogeuka vinywani mwao. Waliazima, wakageuza, wakafanya chao. Lakini jina la waliyemsikia walilibakiza ndani ya wimbo. Kampuni tajiri yenye makarani na viwanda haikuandika jina la mtu aliyesimama mbele ya chombo chake cha kurekodia. Wasichana wa kijijini walilihifadhi jina la mtu wasiyepata kumwona. Ni nani kati ya hao aliyekuwa na utamaduni?

Kundi la pili litasema: majina ya nini, ikiwa wimbo waimbika? Tuwajibu kwa habari ya Joe Thompson, mpiga fidla mweusi wa Mebane, North Carolina, aliyezaliwa mwaka 1918. Mwaka 2005 vijana weusi walianza kwenda nyumbani kwake kujifunza, wakaunda bendi ya Carolina Chocolate Drops. Albamu yao ya mwaka 2010 ikapata tuzo ya Grammy mwaka 2011. Vijana hao waliweza kumwendea mzee huyo kwa sababu jina lake na makazi yake vilijulikana. Thompson alifariki mwaka 2012. Kama angeandikwa "mpigaji wa jadi" tu, wangemtafuta wapi?

Neno hili linatuhusu sisi hapa nyumbani, hususan walimu. Mwanafunzi hutumwa wakati wa likizo akakusanye nyimbo za kwao. Hurudi na maneno ya wimbo, hana jina la bibi aliyemwimbia. Mwalimu wa kwaya huchukua mahadhi ya wimbo wa kulima au wa kutwanga, hubadili maneno, kisha juu ya karatasi huandika jina lake mwenyewe kuwa ndiye mtunzi. Vitabu vya nyimbo huchapishwa na chini ya kila wimbo pameandikwa "wa jadi", kana kwamba jadi ni mtu aliyekaa kitako akatunga. Tunawalaumu mabeberu kwa kuchukua vyetu bila kututaja, na haki tunayo. Lakini tukimfanyia hivyo bibi kizee wa kijijini kwetu, tofauti yetu na kampuni ya santuri ni ipi?

Hatudai jambo zito. Kila wimbo unaokusanywa uandikiwe mistari minne: jina la aliyeuimba, mahali na mwaka ulipoimbwa, jina la aliyemfundisha, kama analikumbuka, na kilichobadilishwa, pamoja na jina la aliyekibadilisha. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuifanya kazi hii kwa kalamu na daftari. Mwalimu asiipe alama kazi isiyo na mistari hiyo.

Hatuna hofu ya kuazima. Maktaba haimkatazi mtu kuazima. Humwandika jina na kitu alichochukua, basi. Vijana na wasikilize banjo, fidla na mandolini za milimani, wajifunze, hata wakitaka wazipige kwa Kiswahili. Lakini wajue kwamba gumba lililotangulia kuugusa ule uzi mfupi lilikuwa la Mwafrika aliyenyang'anywa kila kitu, hata jina. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Huyu amekwisha kunyongwa; haki yake bado.