Kaulimbiu ya rais ipimwe shambani

Tanzania haijawahi kupungukiwa na kaulimbiu za kilimo. Mwaka 1972, enzi za Mwalimu Nyerere, TANU ilitoa Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo. Mwaka 2009 Rais Kikwete alizindua Kilimo Kwanza, yenye nguzo 10.

Wasomi walioichambua Kilimo Kwanza walihoji: "kwanza" ni ya nani? Walisema mkazo uliwekwa kwenye matrekta, pawatila na wawekezaji wakubwa, ilhali wakulima wengi hutegemea jembe la mkono. Tena viongozi wa Afrika walikwishaahidi huko Maputo, mwaka 2003, kutenga asilimia 10 ya bajeti kwa kilimo. "Kwanza" ingeanzia hapo.

Wapo wanaowaona wasomi hao kuwa wapinga maendeleo. Si kweli. Kwa kuamini hotuba ya rais, mkulima hukopa na mwenye duka huagiza pembejeo. Fedha isipofuata, hasara ni yao.

Kasoro ni kwamba uchambuzi huo huandikwa zaidi kwa Kiingereza. Uandikwe kwa Kiswahili, mkulima naye apime: mbolea ilifika kabla ya mvua? Mazao yalipata soko? Ahadi ni deni.