Timu Iliyozaliwa Shuleni

Wazazi wengine hutuuliza: Je, mpira si adui wa kitabu? Twajua sababu ya swali lao. Hapa Fungurume kijana ambaye jana alikuwa darasani, leo yuko uwanjani tangu asubuhi, naye akiulizwa hujibu kwamba atachezea Mazembe. Basi juma hili twapenda kuwasimulia, wazazi na wanafunzi pia, asili ya hiyo Mazembe yenyewe, kwa maana wengi wanaoishangilia hawajui ya kuwa ilizaliwa shuleni, tena shule ya mapadre.

Wamonaki Wabenedikto walifika Katanga mwaka 1910, wakiongozwa na Jean-Félix de Hemptinne, ambaye baadaye alikuwa Askofu. Katika mji wa Élisabethville, ndio Lubumbashi ya leo, waliendesha Institut Saint-Boniface. Wanafunzi wengine walijiandaa kwa upadre, wengine hawakuwa na wito huo. Hao wa pili wangefanya nini saa za mapumziko? Mwaka 1939 wamonaki wakawaundia timu ya mpira. Ikaitwa Saint-Georges, jina la yule mtakatifu shujaa, msimamizi wa maskauti. Siku zile michezo ya Wazungu na ya Waafrika ilikuwa mbali mbali. Vijana wetu waliingia katika mashindano ya Waafrika, na msimu ulipokwisha walikuwa wa tatu. Kwa watoto wa shule si haba.

Mwaka 1944 timu ikaitwa Saint-Paul. Ndipo shida ilipoanza. Wakaingizwa wachezaji wa nje, watu wasio wanafunzi, ili timu ipate nguvu. Na wamonaki, walipoona hivyo, wakaacha kuiongoza. Wako wanaowalaumu kwa kuiacha. Sisi hatuwalaumu. Wao walitaka kulea vijana, na timu ambayo haina wanafunzi ndani yake yaweza kuwa timu nzuri sana, lakini kazi ya mlezi imekwisha hapo. Hata hivyo twakiri kwamba waliobaki nayo hawakuiharibu. Waliiita Englebert, jina la kampuni ya Ubelgiji iliyotengeneza mipira ya magari (mpira ukalelewa na mpira!), na baada ya uhuru wa 1960 wakaongeza Tout Puissant, yaani Mwenyezi, sifa ambayo sisi Wakristo twamwachia Mungu peke yake.

Uwanjani, lakini, walitisha. Mwaka 1967 walipambana na Asante Kotoko ya Ghana kugombea Kombe la mabingwa wa Afrika: 1–1, kisha 2–2, mchezo wa tatu Kotoko hawakufika, Kombe likaja Kongo. Mwaka 1968 wakalichukua tena, wakiwa wa kwanza kulitetea, na hakuna aliyefanya hivyo mpaka Enyimba ya Nigeria mwaka 2004. Enzi ya Zaire ndiyo iliyoleta jina la Mazembe. Na mwaka 2010, kule Abu Dhabi, waliifunga Pachuca ya Meksiko 1–0, wakaifunga Internacional ya Brazil 2–0, wakawa timu ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika fainali ya dunia ya vilabu. Inter ya Milano iliwashinda 3–0. Lakini nani hakucheka kwa furaha siku zile kumwona kipa Kidiaba akirukaruka huku ameketi chini?

Kwa hiyo wazazi, msiufiche mpira wa mtoto. Ulizeni kwanza kama daftari lake limejaa. Saint-Georges walicheza baada ya masomo, si badala ya masomo.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutasimulia habari za Padre Raphaël de la Kethulle wa Léopoldville, aliyeitwa Tata Raphaël, ambaye uwanja wa Kinshasa wenye jina lake ndio ule walimopigana Muhammad Ali na George Foreman mwaka 1974.